Viza ni moja, lakini gari la kukodi lina masharti yake

Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu familia za Arusha na Moshi zinazotaka kuzunguka Ulaya kwa gari la kukodi wakati wa likizo ya Desemba imezua mjadala katika ofisi yetu ya kupanga safari, nami naunga mkono sehemu yake kubwa. Ni kweli kwamba viza moja ya Schengen humruhusu msafiri kuingia katika nchi 29 na kukaa humo hadi siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Nisichokubaliana nacho ni ushauri kwamba mtu akunjue ramani, achague miji anayoipenda, aombe viza, kisha ndipo atafute gari. Utaratibu huo unaweza kumfaa anayesafiri kwa treni. Anayekodi gari anapaswa kuanza na mkataba wa gari, kwa sababu huo ndio unaoamua ni nchi zipi zitaingia kwenye ratiba yake na zipi ataziacha.

Dereva yeyote aliyewahi kupeleka gari Nairobi kupitia Namanga anajua kwamba bima ya hapa nyumbani haimtoshi na kwamba atahitaji kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, pamoja na karatasi za forodha. Kwa kuwa katika eneo la Schengen hakuna geti la kusimama, wengi hudhani kwamba habari hiyo imekwisha, ilhali makampuni ya kukodisha magari huzigawa nchi katika mafungu: zile ambazo gari huruhusiwa kuingia bila malipo, zile zinazotozwa ada ya kuvuka mpaka, na zile zilizokatazwa kabisa. Mgawanyo huo hubadilika kati ya kampuni na kampuni, na hata kati ya gari na gari ndani ya kampuni moja, kiasi kwamba gari dogo la kawaida linaweza kuruhusiwa kuingia nchi fulani ya mashariki au ya Balkani huku Mercedes au BMW ikikatazwa kwa hofu ya wizi. Anayevuka bila ruhusa huhatarisha bima yote, na gari likigongwa huko, gharama humwangukia yeye. Kwa hiyo msafiri aiombe kampuni orodha ya maandishi inayotaja kila nchi, ikiwamo ile atakayopita kwa saa moja tu.

Swali la pili la kuuliza ni mahali pa kurudishia gari. Kulichukua Amsterdam na kuliacha Roma kunaonekana kuwa jambo la akili, lakini ada ya kuliacha gari katika nchi nyingine inaweza kuzidi kodi ya gari lenyewe, kwa sababu ni lazima mtu alipwe kulirudisha. Nawashauri wanaoruka na KLM kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Amsterdam wapange mzunguko utakaowarudisha uwanja wa ndege wa huko, Schiphol.

Suala la bima linahitaji utulivu zaidi, hasa kwa sisi tuliozoea kuuliza tu kama ni bima kubwa au bima ndogo. Bima inayokuja na gari la kukodi Ulaya kwa kawaida humlipa mtu wa tatu, yaani yule uliyemgonga, na hupunguza hasara ya anayekodi, lakini huacha kiwango ambacho anayekodi hubeba mwenyewe, na mara nyingi haihusishi vioo, matairi, paa wala sehemu ya chini ya gari. Kiwango hicho ndicho huzuiwa kwenye kadi siku ya kuchukua gari, na hapo ndipo safari nyingi za watu wetu hukwama. Makampuni mengi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Kadi ya kutolea fedha kwenye ATM, kadi ya kulipia kabla au ile ya kidijitali inayotengenezwa ndani ya simu inaweza kukataliwa hapo dirishani hata kama ina fedha za kutosha, na kadi ya mke haikubaliki ikiwa anayeendesha ni mume. Jambo hili lizungumzwe na benki mapema, wakati tiketi ya ndege bado haijanunuliwa.

Leseni yetu ya daraja D iambatane na leseni ya kimataifa, ambayo hutolewa katika nchi iliyotoa leseni ya kawaida na haina nguvu bila leseni hiyo, hivyo haiwezekani kuitafuta baada ya kutua. Vilevile, magari mengi ya kukodi huko ni ya gia za mkono, wakati wengi wetu tumezoea magari ya Kijapani ya otomatiki. Otomatiki ipo, lakini huagizwa mapema na bei yake iko juu. Kujifunza upya gia za mkono siku ileile unapoanza kuendesha upande wa kulia si jambo ninalomwombea mtu. Mkono wa kubadilishia gia ni wa kulia, kipilefti huzungukwa kinyume na kile cha Impala hapa Arusha, na unayemwachia njia humo ni anayetoka kushoto, ilhali katika njia panda zisizo na alama za Ufaransa na Ujerumani anayetoka kulia ndiye mwenye haki, hata kama amechomoza kwenye kichochoro.

Sasa niseme juu ya ratiba. Sisi tunaofanya kazi hii hapa Arusha humkatalia mgeni anayetaka Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti kwa siku tatu, kwa kuwa tunajua muda wake utaishia kwenye vumbi la gari lililo mbele. Ni ajabu kwamba mtaalamu huyohuyo, akiipangia familia yake likizo, huandika Amsterdam, Brussels, Paris, Geneva, Milan, Venice, Munich na Prague kwa siku kumi. Amsterdam hadi Paris peke yake ni takriban kilomita 500, na Paris hadi Geneva ni zaidi ya hapo. Wenye hamu ya kuhesabu nchi wanaweza kupata sita bila kuwatesa watoto: kutoka Amsterdam kwenda Cologne, kuufuata mto Rhine kuelekea kusini, kuvuka hadi Strasbourg na kushuka Basel, kisha kurudi kwa Luxembourg na Brussels. Njiani wanaweza kusimama katika kijiji chenyewe cha Schengen, kando ya mto Moselle, mahali ambapo Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa hukutana na ambapo mkataba wa kwanza ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985. Vipande vya mwisho, yaani Strasbourg hadi Luxembourg, Luxembourg hadi Brussels na Brussels hadi Amsterdam, kila kimoja ni zaidi kidogo ya kilomita 200.

Mzunguko huo una faida nyingine ya mfukoni. Kwa magari madogo, barabara kuu za Ujerumani, Ubelgiji, Luxembourg na, kwa sehemu kubwa, Uholanzi hazina tozo. Uswisi huuza stika ya mwaka mzima kwa faranga 40 hata kwa anayepita saa moja, na gari lililosajiliwa nje ya Uswisi aghalabu halina stika hiyo. Asiyetaka kuilipia anaweza kugeuzia Colmar, upande wa Ufaransa. Austria nayo ina vibali vya barabara kuu vya siku moja, vya siku 10, vya miezi miwili na vya mwaka, na anayeshuka Italia kwa njia ya Brenner hulipa tozo nyingine juu yake. Ufaransa na Italia hutoza kwa umbali katika barabara kuu zao nyingi, na katikati ya miji kadhaa ya Ujerumani hudai kibandiko cha viwango vya moshi ambacho gari la kukodi kutoka nchi nyingine huenda halina.

Italia inahitaji onyo la peke yake. Katikati ya miji ya kale kama Florence, Pisa na Siena kuna maeneo yanayoitwa ZTL, ambayo magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi kuingia kwa saa maalumu. Hakuna trafiki wala tochi. Kuna bango la duara jeupe lenye mzingo mwekundu na kamera inayosoma namba za gari. Mpwa wangu anayefanya kazi Hamburg aliwapeleka wazazi wake waliotoka Moshi hadi mlangoni mwa hoteli yao huko Florence, akaondoka asubuhi kwa njia ileile. Kwanza kampuni ya gari ilikata kwenye kadi yake ada ya kutoa jina lake kwa wenye mji, na miezi kadhaa baadaye zikaja faini zenyewe, kila kamera aliyoipita ikihesabiwa kosa lake. Sheria ya Italia huipa mamlaka hadi siku 360 kumfikishia taarifa mtu anayeishi nje ya nchi hiyo, kwa hiyo anayedhani amepona kwa sababu amekwisha rudi Kilimanjaro asifurahi mapema. Dawa yake ni kumpigia simu mwenye hoteli kabla ya kufika, kwani hoteli nyingi zilizo ndani ya maeneo hayo zinaweza kuiandikisha namba ya gari la mgeni.

Kwa kuwa mlizungumzia Desemba, niongeze kwamba mwezi huo jua la Amsterdam huzama karibu saa kumi na nusu alasiri, na kwamba Austria hudai matairi ya majira ya baridi kati ya tarehe 1 Novemba na 15 Aprili barabara inapokuwa na theluji au barafu. Gari liulizwe matairi yake kabla ya rangi yake. Kwenye sheli mtu hujijazia mwenyewe: pua ya petroli ina alama ya duara yenye herufi E, ya dizeli ina mraba wenye herufi B, na anayekosea hulipa matengenezo.

Mwisho ni viza yenyewe, ambayo huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, au utakayoingia kwanza iwapo siku ni sawa. Ndiyo maana ratiba iliyobadilishwa na mkataba wa gari inaweza kubadilisha hata ubalozi wa kuombea. Mwenye viza ya kuingia mara moja asitoke nje ya eneo hilo akitegemea kurudi. Uingereza ina viza yake. Pasipoti zibaki mkononi, kwa kuwa Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024.

Naomba basi, Mhariri, mtakapoirudia mada hii muwahoji mawakala wa hapa Arusha wanaouza safari hizi kama vifurushi, na muwaulize ni wangapi kati yao humwonyesha mteja orodha ya nchi zilizoruhusiwa na kampuni ya gari, pamoja na kiasi kitakachozuiwa kwenye kadi yake, kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Mpanga safari,
Njiro, Arusha