Mwanangu, hayo masaa matano hayakutoshi

Salama baba? Huku wote wazima, bibi anakusalimu sana. Dada yako kaniambia siku hizi unalala saa nane usiku, saa moja asubuhi uko darasani, akikuuliza unasema umeshazoea. Baba, akili inaweza kujiona imezoea ila mwili una hesabu zake.

Karibu kila seli yako ina saa yake, kuna jeni, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, zinafanya kazi zaidi mchana na zingine usiku, za kinga, za kutumia sukari, za kurekebisha palipoharibika, na saa kuu iko kwenye ubongo, hiyo inafuata mwanga wa jua. Sasa mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey kule Uingereza walichukua watu 26 wenye afya zao, wiki moja wakawaacha walale vizuri, wiki nyingine wakawabania wakawa wanalala wastani wa saa 5.7 tu, halafu wakawapima damu. Yaani hawakukesha, walilala, tena wamekuzidi wewe! Lakini jeni 711 zilibadilika utendaji, na zile zinazopanda na kushuka kwa kufuata saa 24 zikapungua kutoka 1,855 mpaka 1,481, na hata zilizobaki kupanda na kushuka kwake kukawa kumefifia. Kati ya zilizoguswa kuna zinazohusika na kinga, stresi na jinsi mwili unavyotumia chakula. Wiki moja tu baba, na wewe una muhula mzima.

Kilichonitisha zaidi ni walichofanya baadaye, baada ya kila wiki waliwakesha karibu saa 40 mfululizo. Wiki waliyolala vizuri, mkesho uligusa jeni 122, wiki waliyobaniwa usingizi zikawa 856, mara saba, kwa mkesho uleule. Ndo maana nakuandikia leo na sio baada ya yuui, hiyo mitihani yenu ya chuo ya mwisho wa muhula, kwa sababu nakujua, wiki ya mitihani utakesha tu hata nikisema nini, sasa usiingie huko ukiwa tayari umechoka mwezi mzima.

Kuanzia leo saa nne na nusu usiku uwe kitandani, simu iache mezani mbali na mto, asaimenti ikibaki utaamka nayo saa kumi na moja, mimi niko macho muda huo nitakupigia mpaka upokee. Na hela ya chakula nimetuma kwa dada yako, mtafute.

Mama