Barua ya Wazi kwa Vijana wa Bendi: Mtazameni Bobby Rush

Wanangu mnaoimba na kupiga vyombo,

Nawasalimu kwa heshima. Nimeamua kuwaandikia kwa sababu kila ninapowasikiliza siku hizi, mazungumzo yenu yanaishia kwenye kibao kimoja: nani katoa, kimetazamwa mara ngapi, na kwa nini cha kwenu bado. Naomba mumtazame Bobby Rush, mwimbaji wa blues na soul, miziki ya Wamarekani weusi, kutoka Kusini mwa Marekani. Kibao chake kilichovuma zaidi alikitoa mwaka 1971, kikaishia nafasi ya 34 katika orodha ya nyimbo ya jarida la Billboard, ile ya muziki wa R&B; tuzo yake ya kwanza ya Grammy aliipata mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 83. Hapo katikati kuna miaka 46, nayo ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Alizaliwa karibu na mji wa Homer, Louisiana, mwaka 1933, akaitwa Emmett Ellis, jina la baba yake. Baba alikuwa mchungaji, na kijana alipoingia kwenye muziki wa vilabuni alijipa jina jingine ili asimvunjie mzazi heshima. Alijifunzia kwenye waya wa ufagio aliougeuza kuwa gitaa la kienyeji, na familia ilipohamia Pine Bluff, Arkansas, akawa anajibandika masharubu ya bandia ili aonekane mtu mzima mlangoni. Miaka ya 1950 alikwenda Chicago, mji wa magwiji wa blues kina Muddy Waters na Howlin' Wolf. Husimulia kwamba katika ukumbi mmoja wa wazungu huko Illinois, yeye na bendi yake walipiga nyuma ya pazia, kwa kuwa wateja walitaka muziki wao lakini hawakutaka kuwaona nyuso. Hebu fikirini: unapuliza kinanda cha mdomo, unasikia miguu ya watu wanaocheza, na mbele yako kuna kitambaa tu.

Kwa sababu ya ubaguzi huo, wanamuziki weusi walikuwa na njia yao, msururu wa vilabu na kumbi za watu weusi ulioitwa chitlin' circuit, ambao uliwalisha wakati milango mingine imefungwa. Sheria za ubaguzi zilipofutwa miaka ya 1960, wengi waliopata nafasi kwingine waliipa njia hiyo kisogo. Rush hakuiacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliondoka Chicago, mji wenye studio na wakubwa wa muziki, akahamia Jackson, Mississippi. Wapo ambao wangesema amerudi nyuma, na mimi nasema ndio uamuzi wa busara kuliko yote aliyofanya, maana kutoka Jackson basi la bendi linafika Louisiana, Arkansas, Alabama na Tennessee kwa saa chache, kwa watu walewale wanaolipa kiingilio kila arudipo. Wala hakuwa peke yake: katika mji huohuo kampuni ya kurekodi muziki ya Malaco iliwapokea miaka hiyo Johnnie Taylor, Little Milton na Bobby Bland, waimbaji wenye majina ambao makampuni makubwa hayakuwa na haja nao tena, nao wakaendelea kuuza kwa watu wazima wa Kusini.

Barabara hiyo ina gharama yake. Mwaka 2001 basi la bendi yake lilipata ajali, mtu mmoja wa kundi lake akafariki na wengine wakalazwa. Kwa hiyo ninyi mnaopiga hadi alfajiri na kumsukuma dereva aendeshe bila usingizi ili muwahi onyesho la kesho, acheni mara moja.

Sitawaficha kwamba si kila kitu chake nakipenda. Utani wake wa jukwaani na wanenguaji wake vinavuka mpaka kwa macho ya mzee kama mimi, ingawa nakiri kwamba anajua vizuri nani ameketi mbele yake na amekuja kutafuta nini. Lakini mwaka 2003 alianzisha lebo yake mwenyewe, yaani kampuni ya kutoa nyimbo, Deep Rush, akiwa na umri ambao wenzake wengi wamestaafu, na hilo nataka mliige kabla ya jambo jingine lolote. Anayemiliki kazi yake hana haja ya kumwomba promota ruhusa ya kuuza nyimbo zake mlangoni. Na wageni walipomgundua, akaalikwa hadi China mwaka 2007, aliendelea kupiga kwa wenyeji wake wa Kusini. Mwaka 2024, akiwa na miaka 90, alichukua Grammy ya tatu.

Sasa nina ombi. Atakayetaka nimsomee mkataba wake kabla hajatia saini, mlango wangu uko wazi, ila aje na daftari lenye majina ya kumbi alizoalikwa tena baada ya onyesho la kwanza, na mapato ya kiingilio cha kila ukumbi. Idadi ya waliomtazama kwenye simu aiache nyumbani.

Ni mimi mzee wenu, mpiga besi mstaafu.