Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu na Kayongo

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia kayongo, yaani kiduha, gugu linaloendelea kutunyang'anya mahindi hapa Siaya.

Mwezi wa tano tulichimbua shina la mahindi kwenye shamba la mwenzetu mmoja. Juu palikuwa safi, hakuna hata ua moja la zambarau, ila mahindi yalikuwa yamedumaa na majani yamepauka. Tulipoisuuza mizizi kwenye karai, tukaona vichipukizi vyeupe vya kayongo vimeing'ang'ania. Siku ile wengi tulielewa kwa nini jembe halijatuokoa: likifika, mahindi yameshanyonywa. Mmea mmoja hutoa mbegu zaidi ya 50,000, laini kama ugoro, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mizizi ya mahindi iziamshe.

Ndiyo maana tumeshikilia sukuma-vuta, mbinu ya watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu ya kayongo, kisha huizuia isishike mahindi, ikafa kwa kukosa chakula. Harufu yake pia huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, wakaenda kutaga kwenye nepia. Halafu kuna malisho ya ng'ombe na mbuzi. Hilo ndilo lililowavuta akina mama kwanza, na walipima mambo vizuri.

Lakini kuna lililoniuma. Baadhi yetu waliing'oa desmodiamu baada ya msimu mmoja wakisema haina kazi. Jamani, huanza polepole! Msimu wa kwanza miche ni midogo mno, na kibarua asiyeijua huipalilia pamoja na magugu. Simameni naye shambani. Waliovumilia hadi msimu wa pili wameona tofauti.

Tena, kayongo yenye maua tusiwatupie ng'ombe. Mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani na samadi. Ing'olewe kabla haijachanua, iliyochanua ichomwe.

Mbegu za desmodiamu ni ghali, kwa hiyo kamati imeamua tugawane vipande vya mashina kutoka shamba la mfano, tupande kama viazi vitamu. Mvua zikianza, njooni asubuhi mapema na magunia yaliyoloweshwa. Atakayepokea msimu huu atamkatia jirani yake mwakani.