Draiva ni ya Bure, Mbona Mnatoza Hela?

Swali hili haliishi: draiva ya hifadhidata (kiungo kinachowezesha programu yako kuzungumza na hifadhidata) inapakuliwa bure mtandaoni, sasa ankara ni ya nini? Wengine huuliza kwa upole. Wengine huuliza wakiwa wameshachemka, kwa sababu walijaribu wenyewe ikagoma, kisha fundi akasakinisha faili lenye jina karibu lilelile na ikakubali. Kwao sisi mafundi tumebofya mara tatu tukadai malipo. Bei haishuki, lakini mteja ana haki ya kujua analipia nini.

Kwenye Windows kosa lenyewe huja na namba IM014 na maneno "architecture mismatch between the Driver and Application". Draiva na programu inayoiita haziko upande mmoja: moja ni ya biti 32, nyingine ya biti 64. Mteja akishaliona, hukimbilia kuangalia aina ya kompyuta yake, anakuta biti 64, anapakua draiva ya biti 64, na kosa linabaki palepale. Kompyuta haina neno hapa. Draiva ni faili la DLL (maktaba ya msimbo) ambalo programu hulipakia ndani ya mchakato wake yenyewe, na mchakato wa biti 32 hauwezi kupakia DLL ya biti 64, wala kinyume chake. Mwenye kauli ni programu. Excel ya biti 32 ikiwa juu ya Windows ya biti 64 inataka draiva ya biti 32, basi.

Halafu kuna mtego wa majina, ambao hukamata hata mafundi. Kidirisha cha kusimamia ODBC (njia ya kawaida ya Windows ya kuunganisha programu na hifadhidata) kipo mara mbili, na vyote viwili vinaitwa odbcad32.exe. Kilichomo C:\Windows\System32 ni cha biti 64. Kilichomo C:\Windows\SysWOW64 ni cha biti 32. Ndiyo, umesoma sawasawa. System DSN (muunganisho uliohifadhiwa kwa jina, kwa watumiaji wote wa mashine) za biti 64 huandikwa kwenye rejista chini ya HKLM\SOFTWARE\ODBC, na za biti 32 chini ya HKLM\SOFTWARE\WOW6432Node\ODBC. User DSN, ile ya mtumiaji mmoja, kwa upande wake huonekana kwenye vidirisha vyote viwili hata kama draiva yake ipo upande mmoja tu. Hapo ndipo mtu anapojaribu muunganisho ndani ya kidirisha ukafaulu, akafungua programu yake ikakataa, akaja kutuambia seva ni mbovu. Seva nzima kabisa.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kupakua chochote. Fungua programu inayolalamika, kisha Task Manager, kichupo cha Details, uongeze safu ya Platform. Itakuonyesha kama mchakato ni wa biti 32 au 64. Kwa Excel, nenda File, Account, About Excel. Kwa Python, andika struct.calcsize("P") * 8 baada ya kuingiza struct, na jibu litakuwa 32 au 64. Ukishajua, sakinisha draiva ya upande huo, fungua odbcad32.exe ya upande huohuo, tengeneza DSN hapo. Ikiwa programu zako mbili ziko pande tofauti, sakinisha draiva zote mbili na utengeneze System DSN mbili zenye jina moja, moja kila upande. Draiva nyingi za hifadhidata hukaa pamoja bila shida.

Isipokuwa ile ya Access, na hapa ndipo njia ya mkato inapogharimu. Access Database Engine, yaani draiva hiyo yenyewe, ya biti 64 ikikuta Office ya biti 32 hukataa kusakinishwa. Mtandaoni kuna ushauri wa kuilazimisha kwa kuongeza /quiet, au /passive kwa toleo la 2010. Inaingia kweli. Ila Microsoft hawaungi mkono mchanganyiko huo, na toleo la 2010 lilikuwa na tabia inayojulikana: kila ukifungua Word au Excel, Office inaanza kujisanidi upya. Anayekuja kwetu baada ya hapo halipii kazi ya draiva tu. Kuna kuondoa injini iliyolazimishwa, kukarabati Office, kisha kurudi kwenye kazi ya awali. Dawa salama ni kufanya pande zilingane: ama Office ihamishiwe biti 64, ama programu iendeshwe kwa biti 32. Na kama programu ya zamani inaita Microsoft.Jet.OLEDB.4.0 (injini ya zamani ya Access), usipoteze muda kutafuta Jet ya biti 64. Haipo.

Programu za .NET (mfumo wa Microsoft wa kujengea programu) zilizojengwa kama Any CPU, yaani zinazofuata biti za Windows iliyopo, nazo zina vituko vyake. Kwenye mashine ya zamani ya biti 32 zilifanya kazi miaka mingi. Zikihamishiwa mashine mpya zinageuka biti 64 na, draiva ikiwa bado ya biti 32, kutupa kosa la BadImageFormatException. Mwenye msimbo aijenge upya kama x86, yaani biti 32. Ikiwa inakaa kwenye IIS (seva ya wavuti ya Microsoft), washa Enable 32-Bit Applications kwenye application pool (kundi la michakato linaloiendesha) yake peke yake, usiguse nyingine.

Malalamiko mengine ni ya kazi inayokubali mchana kwa mkono na kufeli usiku kwenye ratiba. Mara nyingi ratiba inaiendesha kwa mchakato wa biti 64, au kwa akaunti ya huduma ambayo haioni User DSN ya mtu mwingine. Ndiyo sababu hatukabidhi kazi mpaka tumeijaribu kwa akaunti ileile itakayoiendesha. Majaribio hayo huchukua muda kuliko usakinishaji wenyewe, na mteja hayaoni.

Wa Mac zenye chipu za M1 na kuendelea wana toleo lao: psycopg2 (draiva ya Python ya PostgreSQL) inalalamika "have 'x86_64', need 'arm64'", yaani imepata faili la chipu za Intel badala ya la chipu za Apple. Angalia Python yako kwa amri ya file, angalia kama Homebrew (kisakinishi cha programu) iko /opt/homebrew au bado ni ile ya Intel kwenye /usr/local, kisha tengeneza mazingira upya na usakinishe kwa pip ukiongeza --no-cache-dir. Kwenye Linux dalili ni "wrong ELF class". Amri ileile ya file juu ya faili la .so (maktaba ya draiva) itakuambia ni la upande gani.

Ukitaka tukupe bei kamili, tutumie picha ya kosa zima bila kulikata, jina na toleo la programu, aina ya hifadhidata, na akaunti inayoendesha kazi hiyo. Kama umeshajaribu /quiet, tuambie mapema, kwa kuwa tukiigundua katikati ya kazi ankara itabadilika.