Lenzi ya milimita 40? Mimi nilishapigwa, wewe usipigwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji wa Iringa aliyeuliza kuhusu darubini ya shule yao, ile ya kioo cha upana wa milimita 130 na fokasi ya 650 (yaani milimita 650 kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana), kwamba wana lenzi za jicho, zile unazochungulia, mbili tu zilizokuja na boksi na wanataka kuongeza moja ya bei ya kawaida, halafu aliyemjibu akamwambia atafute inayokuza zaidi. Jamani hapana. Darubini kama hiyo ninayo hapa Morogoro mwaka wa tano sasa, nafundisha fizikia, na kinachokosekana kwenye darubini za namna hii sio kukuza, ni upana.

Gawanya 650 kwa 130 unapata 5, ndo ile f/5 inayoandikwa ubavuni, wapiga picha wataelewa. Ni darubini fupi, imetengenezwa imeze anga kubwa. Sasa ukiiwekea lenzi ya jicho ya milimita 10 inakuza mara 65 (650 gawanya kwa 10) na kipande cha anga unachoona hakifiki hata digrii moja. Boksi limeandikwa eti mara 675, hiyo msiijali kabisa, kioo cha 130 hata anga likitulia kama maji mtungini mwisho wake ni kama 260.

Januari niliwatoa vijana wa kidato cha tatu uwanjani, umeme umekatika mtaa mzima (na hiyo ndo nafasi pekee tunayopata giza hapa mjini, kwa hiyo siku hizo mi silalamiki), nikalenga Kilimia, kile kichala cha nyota, kwa lenzi ya 20 ya kwenye boksi. Binti mmoja akachungulia, akatoa kichwa, akaangalia juu kwa macho, akachungulia tena. Mwalimu, mbona kwa macho ni kichala, huku ni vinyota vimetawanyika tu? Alikuwa sahihi, manake Kilimia ni karibu digrii mbili na ile lenzi inaonyesha kama moja na nusu, yaani tulikuwa ndani ya kichala chenyewe tunakitafuta. Nikabadilisha nikaweka Plossl (muundo wa kawaida wa lenzi ya jicho) ya 32, inakuza mara 20 tu, Kilimia chote kikakaa katikati na giza limebaki pande zote kama fremu, na yule binti hakutoa jicho mpaka wenzake wakaanza kusukumana.

Hiyo 32 lakini sikuanza nayo. Nilianza na ya 40. Nilijiambia kama namba kubwa ndo inakuza kidogo na kuonyesha eneo kubwa, si ninunue kubwa kuliko zote nimalize, na muuzaji naye akaniunga mkono vizuri tu, nikaingia mkenge. Ndani ya lenzi ya mdomo wa inchi moja na robo, kama hizi zetu, kuna pete inayokata picha, na pete hiyo haiwezi kuzidi kama milimita 27 kwa sababu bomba lenyewe ndo mwisho wake hapo. Plossl ya 32 imeshaifikia. Kwa hiyo ya 40 inakuonyesha anga lile lile, kama digrii 2.4, ila limesogezwa mbali, unakuwa kama unaangalia tivii ya jirani kupitia dirishani. Umelipa hela upate picha ndogo.

Na kuna hasara ya pili ambayo ndo ilinikera zaidi. Mwanga unatoka kwenye lenzi kama mrija, na unene wa mrija unaupata kwa kugawa milimita za lenzi kwa ile 5 yetu. Lenzi ya 10, mrija wa milimita 2. Lenzi ya 32, mrija wa 6.4. Lenzi ya 40, mrija wa 8. Mboni ya kijana gizani inafunguka kama 7, ya mtu wa umri wangu 5 au chini kidogo, sasa mrija wa 8 utaingiaje kwenye tundu la 5, mwingine unamwagika nje bure, na ukipiga hesabu kwa mboni ya 5 unakuta kioo chako cha 130 kinafanya kazi kama cha 81. Nusu na zaidi ya mwanga umeutupa.

Mboni yako unaweza kuipima bila daktari. Azima zile spana za L za fundi baiskeli, kaa gizani robo saa, chagua nyota moja inayong'aa, shika spana wima mbele ya jicho (usijichome). Nyota ikiendelea kuonekana kulia na kushoto kwa spana, mboni yako ni pana kuliko spana. Vijana wangu walipita ya 6 bila shida. Mi ya 5 ilinizibia nyota, nikabaki na ya 4, ndo nikajua uzee umefika. Kwa haki kabisa hata hiyo 32 mi namwaga, tena si kidogo, mtu wa umri wangu anayeangalia peke yake angefaidi zaidi lenzi ya 24 yenye pembe pana ya digrii 68 (upana wa picha machoni pako, sio wa anga), inaonyesha anga lile lile kwa mrija mwembamba na hata taa za mjini hazikusumbui sana, ila bei inapanda. Kwa shule chukua 32, Plossl ya kawaida, dola 30 hadi 50 kabla ya usafiri.

Usitegemee maajabu pembeni. Darubini ya f/5 inaleta mwanga kwa pembe kali na lenzi rahisi haziupendi, nyota za ukingoni zitaota mabawa kama vindege. Zikiota vimkia vinavyoelekea nje, hicho ni kioo chenyewe, usimlaumu mtu. Katikati ni safi. Lakini ukikuta kwenye lenzi pameandikwa H au SR, rudisha dukani, H ni muundo wa Huygens wa miaka ya 1600 na kitu, enzi za darubini ndefu kama mlingoti, SR nayo ni muundo wa kizamani, kwenye f/5 ni uji mtupu.

Watoto watakwambia mwalimu mbona giza. Ni kwa sababu wanabandika jicho kwenye lenzi, 32 inataka ukae mbali kidogo, sentimita mbili hivi, hata wenye miwani wanachungulia nayo. Na mchana mkilenga mnara mtaona doa jeusi katikati, ni kivuli cha kile kioo kidogo cha ndani, haijaharibika. Jua msilenge kabisa.

Ile ya 40 bado ipo kabatini. Msomaji wa Iringa akiitaka ajionee mwenyewe nampa bure, ya kutuma kwa basi alipe yeye.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro