Jina la pembeni

Oya Hamisi mwanangu,

Mambo vipi, shem na watoto wazima? Huku Dar joto tu. Meseji yako niliiona, eti mtu mzima bado nachora twiga na tembo wa kuwauzia wazungu, lini ntachora vya kwangu. Nimecheka afu ikaanza kunisumbua, so nakujibu kwa kirefu.

We unaongea kama kuiga ni dhambi bana. Hii michoro ya Tingatinga tunayochora yote imetoka kwa mtu mmoja, mzee Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini huko Tunduru, kaja Dar kuhangaika kama sisi tu, kapiga vibarua, na kwenye 1968 ndo kaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli. Na hata hakuchora sana, 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani mwizi, imeisha hiyo. Sa wale vijana wake, wengine ndugu zake kabisa, wangesema sisi hatuigi, leo ungeijua hii kitu? Pale Oysterbay tunapochorea ukiona jirani kapatia mkunjo wa shingo ya twiga unauchukua, kesho na yeye anachukua wako, hakuna anayenuna.

Ila njoo unione kwenye chui. Napaka njano kwanza, pembeni naivisha kuwa nyekundu, naacha ikauke mpaka kesho maana rangi ya mafuta ukiiwahi inakuwa tope, afu nashika brashi ndogo kabisa napiga viduara vyeusi visivyofunga vizuri, ndani kahawia kidogo. Vyangu huwa vinapungua kuelekea mkiani. Hajanifundisha mtu, mkono wenyewe ndo unaenda hivo, na fundi mwenzangu akiikuta dukani anajua ya nani kabla hajasoma jina.

Na jina ndo sichezi nalo. Juzi kaja jamaa anataka ya kizamani, bodi ya mraba, mnyama mmoja katikati, niichakaze kidogo, pembeni niandike E.S. Tingatinga. Hela aliyotaja ingelipa kodi miezi kibao. Nikamwambia mnyama nakuchorea, mraba nakupa, ila pale pembeni linakaa jina langu. Akaondoka. Mama watoto kanuna siku nzima na wala simlaumu, ada inadaiwa, ila yani mzee wa watu mwenyewe hakufaidi jina lake vya maana, leo mi ndo nikaliuze? Kwa mtu ambaye ataenda kumdanganya mwingine tena?

Vya kwangu nachora pia usidhani. Ninayo moja ya daladala la Mbagala asubuhi, watu wanaingilia dirishani, miguu nje, konda kamshikia mama mmoja kuku wake. Imening'inia hapo tangu Ramadhani, wazungu wanaisifia weee afu wananunua twiga. Sioni kama twiga ni uongo na daladala ndo ukweli, vyote nimevihangaikia, ila hiyo naipenda zaidi kwa sababu yule mama namjua.

Sasa we si ndo umesema nichore vya kwangu? Ukija mwisho wa mwaka njoo na laki na nusu, uibebe. Na usianze habari za bei ya kishkaji, hadibodi imepanda.

Msalimie shem.