Mtoto Anayekurudishia Swali Lako Hakukejeli
Barua ya wazi kwa walimu wa madarasa ya awali

Wanangu walimu,

Salamu nazifupisha, maana nimeudhika. Mnawaadhibu watoto kwa kurudia maneno.

Mwalimu anauliza, "Unataka maji?" Mtoto anajibu, "Unataka maji?" Anaulizwa tena kwa ukali, anajibu vilevile, na sauti anaipandisha mwishoni kama alivyoipandisha mwalimu. Darasa linaangua kicheko. Basi keshakuwa mjeuri, anasimamishwa pembeni. Huyo mtoto ana kiu, na amekwisha kuwaambia.

Watoto wengi wenye usonji (kwa Kiingereza autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna ya kuwasiliana, huanza kusema hivyo. Mtoto mwingine huokota neno mojamoja na kuyaunga. Huyu hubeba fungu zima la sauti, pamoja na wimbo wake, na kulifunga kwenye jambo lililokuwa likitendeka. Kila alipopewa maji alisikia "unataka maji", kwa hiyo kwake hilo ndilo jina la kupewa maji. Ile u- ya mwanzo bado haijajitenga ikawa "wewe", wala hajaona kwamba zamu yake inadai ni- au na- ya "mimi". Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943, kurudia maneno na kupishanisha "mimi" na "wewe" alikwisha kuyaandika. Zaidi ya miaka 80, nasi tunaita utovu wa adabu!

Wengine hurudia ya juzi. Mtoto anasema "vaa viatu" katikati ya somo na hakuna anayevaa viatu. Muulize mzazi maneno hayo husemwa lini nyumbani. Huenda husemwa wakati wa kutoka, naye anaomba kutoka.

Sasa fanyeni hivi. Punguzeni maswali. Shika kikombe anapokiona, useme maneno ambayo yangetoka kinywani mwake: "Nataka maji." Mara moja tu. Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Akirudia, au akigusa kikombe tu, mpe papo hapo. Usitangulize "sema", kwa sababu ataibeba nayo, na kesho atakuomba "sema nataka maji". Mnapoharibu zaidi ni kwenye ule ukimya. Hamuuvumilii; mnaujaza kwa "una kiu? nikupe? hutaki?" na kila sentensi mpya inamrudisha mwanzo. Wengine hukizuia kikombe mpaka mtoto atamke sawasawa. Hapo anajifunza kwamba kusema kunachelewesha maji.

Mengine nayataja tu. Msimlazimishe kuwatazama machoni. Wapo wanaosikia vizuri zaidi wakitazama pembeni. Ratiba ikibadilika, mwambie mapema, ikiwezekana kwa picha: kwanza hili, halafu lile. "Shika adabu" haishikiki kwa mkono, semeni "kaa hapa". Akilipuka kwa kelele za darasa, punguza kelele, punguza maneno, ondoa vya kumuumiza, ngoja. Wakati huo hafundishiki. Na usonji si mtindio wa ubongo, ambao huathiri mwendo na misuli, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Halafu acheni kuwasengenya mama zao. Katika karne iliyopita madaktari wenye vyeo walidai usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Dai hilo likaanguka, lakini wanawake walikwisha kubebeshwa lawama. Mwaka 1998 ikaja makala ya kitabibu iliyozusha hofu kwamba chanjo huleta usonji. Jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010, na bado naisikia ikinong'onwa langoni mwa shule. Mama anayemleta mtoto huyu asubuhi keshalala macho. Mpokeeni kama mtu.

Mzazi akiuliza aende wapi, msimwambie "atasema tu akikua". Mtoto asiyeonyesha kitu kwa kidole au asiye na neno hata moja akiwa na miezi 16, au hajaunga maneno mawili yake mwenyewe kufikia miezi 24, apelekwe kuchunguzwa. Aliyekuwa na maneno yakapotea apelekwe mara moja, umri wowote. Aanze na kipimo cha masikio, kwa sababu asiyesikia vizuri naye huitwa mbishi. Wasichana watazameni kwa makini zaidi, kwani wengi huiga wenzao mchana kutwa, wakifika nyumbani wanabomoka.

Ukimwandikia mzazi, usiandike "hasikii la mkubwa". Andika alichosema, neno kwa neno, na kilichokuwa kikitendeka alipokisema. Mtaalamu wa lugha ya watoto ataanzia hapo.

Mzee wenu